Lawama za Asiyejua

Nchini Poland, wagonjwa watatu walipandikizwa viungo vya marehemu mmoja: wawili figo, mmoja ini. Wote walikufa kwa virusi vya uvimbe wa ubongo vinavyoenezwa na kupe, kisa kilichochapishwa na madaktari mwaka 2017.

Nani alaumiwe?

Si mtoaji. Uislamu hulipima tendo kwa nia, na Aristotle naye alimtenga anayetenda kwa kutojua na anayekusudia. Tena kutojua huku ni kwa kweli: wengi wanaoambukizwa hawaumwi kabisa, au hupata homa ya siku chache wanayoidhania mafua, nazo ndizo siku ambazo virusi vimo katika damu. Huko Finland, mwaka 1989, iliripotiwa kwamba damu ya kuongezewa iliwahi kuwaambukiza wagonjwa.

Kwa daktari, mambo ni magumu zaidi. Dawa anazompa mpokeaji ili mwili usikikatae kiungo ndizo zinazoudhoofisha ulinzi dhidi ya virusi. Akiwakataa watoaji wote wanaoishi karibu na misitu yenye kupe, wanaosubiri ini watakufa wakisubiri, tena wengi kuliko hao watatu. Basi akubali hatari hiyo, mradi mgonjwa aelezwe kabla ya kutia saini. Kuificha kwa kisingizio cha huruma ni kumwamulia mwenzako maisha yake.

Na jamaa za mtoaji, waliokubali kutoa wakiwa msibani, waambiwe yaliyofuata? Wakiuliza, ndiyo. Wasipouliza, sheria ya usiri itamruhusu daktari anyamaze, ila dhamiri yake huenda isimruhusu.