Pete ya Almasi
Anunuaye pete ya almasi yampasa kuuliza mambo manne: uzito, rangi, usafi, na jinsi jiwe lilivyochongwa. Wengi huuliza uzito tu. Lakini almasi ya rangi ya waridi iliyopatikana Mwadui mwaka 1947, aliyozawadiwa Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka ule ule, ilikuwa karati 54.5; ilipokwisha kuchongwa zikasalia 23.6. Je, ilipata hasara? La, ilipopungua ndipo ilipong'aa. Basi kijana akopaye fedha ili jiwe liwe kubwa, huingiza nyumbani bibi arusi pamoja na deni. Nao mume na mke wasiokubali kuchongwa kiburi chao, nuru yao itatoka wapi?