Changizo la Dola Kumi na Mbili

Somo: 2 Wakorintho 8:1–21

Mtume Paulo hakuona haya kuomba fedha. Sura mbili nzima za waraka wake wa pili kwa Wakorintho, ya 8 na ya 9, zinahusu changizo kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu. Watoaji wako Makedonia na Korintho, wapokeaji wako ng'ambo ya bahari, na wengi wao hawatakutana hapa duniani. Isitoshe, kuna Wayahudi walioamini ambao bado wana mashaka kama inafaa kuketi meza moja na watu wa mataifa. Katikati ya mashaka hayo Paulo anapitisha mfuko wa sadaka.

Kila nisomapo sura ya 8 nawakumbuka wanafunzi wa Broad Meadows, shule ya mji wa Quincy karibu na Boston, Marekani. Desemba 1994 walitembelewa na Iqbal Masih, mtoto wa familia maskini ya Kikristo kutoka Punjab, Pakistani, aliyekuwa amekwenda Boston kupokea tuzo. Alipokuwa na miaka 4 hivi, familia yake ilikopa rupia 600, na yeye akawekwa rehani kwa mwenye karakana ya mazulia. Alifuma mchana kutwa, mara nyingine amefungwa mnyororo kwenye mtambo, huku deni likizidi kukua badala ya kupungua. Ndivyo mikopo ya namna hiyo inavyofanya kazi: chakula cha mtoto huandikwa deni, kosa lake kazini huandikwa deni, na mzazi akiugua na kukopa tena, hilo nalo huongezwa juu ya kichwa cha mtoto. Iqbal alipata kutoroka kwa msaada wa watu waliopigania uhuru wa vibarua kama yeye, kisha akaanza kuzunguka akiwatetea wenzake. Wanafunzi wa Quincy walimwona amedumaa, mdogo kuliko wao kwa kimo ingawa walilingana umri. Walimsikiliza, wakamuuliza maswali.

Aprili 16, 1995, Jumapili ya Pasaka, Iqbal alipigwa risasi akafa, karibu na mji wa Muridke.

Wanafunzi wale wakaamua kujenga shule huko Punjab kwa jina lake. Wakaziandikia shule nyingine barua pepe, jambo geni kwa wengi wakati huo, wakiomba dola 12: rupia zile 600 zilihesabiwa kuwa dola 12, na miaka 12 ndiyo aliyotajwa kuwa nayo alipouawa. Zilipatikana zaidi ya dola 100,000. Kazi ya kuijenga na kuiendesha shule hiyo, wilayani Kasur, ikakabidhiwa shirika la Wapakistani wenyewe.

Sasa turudi kwa Paulo. Katika aya ya 12 anasema utoaji hupimwa kwa kile mtu alicho nacho, wala hadaiwi asicho nacho. Dola 12 ni kiasi ambacho darasa la watoto linaweza kukusanya. Hilo ni rahisi kulielewa. Gumu ni lile la aya ya 13 na 14, ambapo Mtume anakataa kabisa kwamba lengo ni kuwapa wengine nafuu kwa kuwatesa Wakorintho. Anataka mambo yawe sawa: leo ziada yenu ifae upungufu wao, na ziada yao nayo ifae upungufu wenu. Ziada gani, kwa watu walioshindwa hata kujilisha? Jibu analitoa katika Warumi 15:27. Injili ilitoka Yerusalemu, kwa hiyo watu wa mataifa ni wadeni wa maskini wale wale wanaowapelekea fedha. Anayelipa deni hajitutumui mbele ya anayemdai.

Naamini watoto wa Quincy waliligusa jambo hilo, hata kama hakuna aliyewafundisha kwa kutumia waraka huu. Maskini ndiye aliyetangulia kuwapa. Aliwapa ushuhuda wake na ujasiri wake, nao wakajibu. Walimjua kwa jina na sauti kabla ya kuchanga senti moja.

Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea kuiona habari hii kutoka upande wa pili. Vijana wa ng'ambo huja wakati wa likizo, hupaka rangi kuta za kituo cha watoto yatima, hupiga picha na watoto mapajani, kisha huondoka, na mtoto aliyeanza kuwazoea hubaki akiuliza wamekwenda wapi. Wengi wa watoto hao wana mzazi au ndugu aliye hai, ambaye angeweza kuwalea kama msaada ungemfikia nyumbani. Mwaka 2017 Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya vya namna hiyo. Siwacheki vijana wale; wengi huja kwa moyo safi. Lakini Paulo hakutosheka na moyo safi. Aya ya 16 hadi 21 zinaonyesha alivyomtuma Tito pamoja na ndugu wengine wanaoaminika, ili mtu yeyote asipate la kulaumu juu ya fedha ile, mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. (Aya hizo sijazisikia zikisomwa mara nyingi siku ya harambee ya paa la kanisa.)

Nasi ni watoaji. Watoto wetu wa shule ya Jumapili hupeleka sabuni na sukari vituoni, na tunawapanga kwa picha vile vile.

Basi ninyi walimu wa shule ya Jumapili, walezi wa UKWATA (umoja wa wanafunzi Wakristo) na viongozi wa vijana, kabla kopo la sadaka halijapita, watafuteni hao mnaotaka kuwasaidia, au wazazi wao, wawaambie wenyewe wanachohitaji. Wekeni watu wawili au watatu wa kuipeleka fedha na kurudi na hesabu, na hesabu hiyo wasomewe hata watoto waliotoa shilingi mia. Na kama mlianza mwaka jana mkaishia njiani, kama Wakorintho, aya ya 11 inawahusu: timizeni mlichoanza.