DARSA YA RAMADHANI, SIKU YA 15: Maji ya udhu na maji ya kunywa

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Alhamdulillah, tumefika nusu ya mwezi. Mola atukubalie tuliyoyafanya na atupe nguvu ya yaliyobaki. Ramadhani hii imetukuta mvua bado zinanyesha Dodoma, makorongo yanateremsha maji, na Bwawa la Mtera linapokea kila kinachoshuka. Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya maji, na chakula tunachokila kwa maji hayo.

Kuna hoja moja inayosikika sana mwaloni. Mtu anasema hivi: "Maji ya bwawa ni mengi, hayanajisiki. Natawadha kwayo, swala yangu inasihi. Sasa iweje niambiwe nisiyanywe mpaka niyachemshe? Maji yanayofaa kusimama mbele ya Mungu hayafai kuingia tumboni mwangu?"

Ndugu yangu, hoja hii tusiicheke. Ina nusu ya ukweli ndani yake, na nusu ile nyingine ndiyo inayopeleka watu makaburini.

*Nusu iliyo kweli*

Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wametufundisha kwamba maji yakifika kula mbili, yaani kama lita mia mbili hivi, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Bwawa la Mtera, ambalo Mto Ruaha Mkuu na Mto Kisigo vinaingia humo, likijaa linaenea zaidi ya kilomita za mraba 600. Nani atalihesabia kula? Tawadha, oga janaba, swali. Udhu wako ni sahihi inshallah.

*Nusu iliyopotea*

Sasa angalia hukumu ile inapima nini. Inapima rangi, ladha na harufu, kwa sababu ibada imejengwa juu ya kile ambacho mja anaweza kukitambua. Mungu hakutukalifisha kubeba maabara mfukoni kila tunapotaka kuswali. Hiyo ni rehema.

Lakini bakteria wa kipindupindu, wa homa ya matumbo na wa kuhara damu habadilishi rangi, wala ladha, wala harufu. Ukiwapanga bakteria elfu moja kwenye mstari mmoja, urefu wa mstari ule ni kama milimita mbili tu. Glasi inaweza kung'aa kama kioo na ndani yake mna mauti.

Ndiyo maana wataalamu wa maji hawaamini macho. Wanachukua sampuli ya mililita 100, ambayo haijai hata nusu ya kikombe cha chai, wanaiweka kwenye chakula cha bakteria na kuitia kwenye chombo cha joto kwa karibu siku nzima, kisha wanaangalia kimeota nini. Wanachotafuta ni bakteria aitwaye E. koli, anayeishi kwenye utumbo wa watu na wanyama. Akionekana, maana yake ni moja: kinyesi kimefika kwenye maji haya, na ugonjwa wowote unaosafiri na kinyesi unaweza kuwa umefika naye. Kwa maji ya kunywa, kiwango chetu Tanzania ni asionekane hata mmoja katika mililita hizo 100.

Kwa hiyo tuweke jambo hili sawa, na kama utasahau yote ya leo usisahau hili: *hukumu ya udhu si kibali cha kunywa.* Twahara ni sharti la swala. Usalama wa kinywaji ni wajibu mwingine, nao unatokana na amri ya kuhifadhi nafsi. Katika Suratul Baqara aya ya 195 Mola ametukataza tusijitupe wenyewe kwenye maangamizi. Na kila anapotuamrisha kula vya halali, ameambatanisha na neno twayyib, kilicho kizuri. Samaki wa Mtera ni halali bila shaka. Lakini aliyeoshwa kwa maji machafu, akaachwa na nzi kutwa nzima, huyo bado ni twayyib?

*Mkono ulilala wapi?*

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliagiza kwamba mtu akiamka usingizini asitumbukize mkono wake chomboni mpaka auoshe mara tatu. Na akataja sababu: hajui mkono wake ulilala wapi. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim.

Hebu itafakari sababu ile. Hakusema auoshe kwa kuwa ni mchafu. Auoshe kwa kuwa *hajui*. Hatusemi kwamba hadithi ni kitabu cha elimu ya bakteria, tusiipakie tusichopewa. Lakini inatufundisha adabu ya mtu mwenye akili mbele ya jambo asiloliona: achukue tahadhari kwanza, asingoje ushahidi wa macho.

Mwaka 1854, mjini London, daktari John Snow alifuata nyumba za waliokufa kwa kipindupindu mtaa wa Soho, akakuta wengi walichota kwenye pampu moja ya Broad Street. Hakuwa amemwona mdudu. Wakubwa wengi wa zama zake walisema ugonjwa unaletwa na hewa mbaya. Hata hivyo aliwashawishi viongozi wa mtaa wakaondoa mpini wa pampu ile. Ilipita miaka thelathini ndipo Robert Koch wa Ujerumani, baada ya kazi yake Misri na India, alipouthibitishia ulimwengu kwamba chanzo ni bakteria. Wangengoja kuona, wangapi wangezikwa?

Na sisi tusijifanye ni habari za wazungu wa kale. Agosti 2015 kipindupindu kililipuka Dar es Salaam, kikasambaa nchi nzima. Kufikia mapema Januari 2018, Bara na Zanzibar kwa pamoja, walikuwa wameripotiwa wagonjwa zaidi ya 33,000 na vifo zaidi ya 500. Wengi walioambukizwa huwa hawaugui kabisa au wanaugua kidogo tu, na huku wanatoa bakteria kwenye choo chao kwa siku kadhaa. Yaani mtu mzima wa afya, anayecheka na wenzake kambini, akijisaidia pembezoni mwa maji, anaweza kumuua mtoto asiyemjua aliye upande wa pili wa bwawa. Sasa unaelewa kwa nini Mtume alikataza kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, njiani na kivulini, akayaita mambo yanayoleta laana?

*Futari na daku*

Mama zangu na dada zangu, na vijana mnaopika kambini, hapa naomba tusikilizane. Mwezi huu tunapika chakula kingi jioni, kinabaki, tunakifunika, tunakila daku. Si ndiyo?

Bakteria kwenye chakula cha uvuguvugu wanaweza kujigawa mara mbili kila dakika ishirini. Mmoja, wawili, wanne, wanane. Futari ni kama saa moja usiku, daku saa kumi alfajiri. Hapo ni saa tisa, sawa na kujigawa mara 27. Kwa hesabu ya karatasi, bakteria mmoja anakuwa zaidi ya milioni 134. Na joto la usiku wa Mtera tunalijua, sufuria haipoi upesi.

Mtu atasema, "Mimi kiporo nakipasha moto." Kupasha vizuri mpaka kitoe moshi kote kunasaidia kwa mengi, ila si yote. Kuna bakteria wa wali ambaye mbegu zake hazifi kwa kupika mara ya kwanza. Wali ukikaa na uvuguvugu, anaamka, anazaliana na kutoa sumu. Sumu ile ukiipasha moto haiondoki. Watu wa Dodoma tulishaonja somo la namna hiyo mwaka 2016, pale sumukuvu ya mahindi yaliyoota ukungu ilipoua watu wilaya za Chemba na Kondoa. Yule alikuwa kuvu, si bakteria, lakini funzo ni lile lile: moto hausafishi kila kitu.

Basi pika kadiri ya watu. Kilichobaki usikiache zaidi ya saa mbili. Huna friji? Mpe jirani kingali cha moto, upate thawabu ya kufuturisha. Daku pika kipya hata kama ni uji tu. Wali wa jana si sunna ya mtu.

Na kisu kilichopasua samaki mbichi kisikate kachumbari kabla hakijaoshwa kwa sabuni.

*"Kila kitu ni kudra"*

Ni kweli, kila kitu ni kudra. Lakini Sayyidna Umar, Mungu amridhie, alipokuwa safarini kwenda Sham akapata habari ya tauni, aligeuza msafara. Abu Ubaida akamuuliza kama anakimbia kudra ya Mungu. Umar akamjibu kwamba ndiyo, anaikimbia kudra ya Mungu kuiendea kudra ya Mungu. Kuchemsha maji nako ni kudra. Sabuni ni kudra. Mwenye kuchagua njia salama hajatoka kwenye mamlaka ya Mola wake.

*Mgonjwa asifunge*

Hili ndilo zito kuliko yote ya leo. Kipindupindu kinaweza kumuua mtu mzima ndani ya saa chache, kwa kumkausha maji tu. Mtu akianza kuharisha maji maji mfululizo na kutapika mchana wa Ramadhani, *afungue hapo hapo.* Asisubiri magharibi. Asione aibu. Suratul Baqara aya ya 184 na 185 zimempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine, na mwenye kuchelea kufa akang'ang'ania swaumu hajamfurahisha Mungu kwa hilo.

Mpe ORS mara moja. Kama haipo, lita moja ya maji salama, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Anywe kidogo kidogo, asiache hata akitapika. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Na huku unampa, safari ya zahanati iwe imeshaanza. Usimlaze msikitini ukimsomea tu. Msomee ukiwa njiani.

*Kazi ya leo*

1. Maji yakiwa na tope, yachuje kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa. Vijiji vya Bangladesh vilivyochuja hivyo kwa kitambaa cha sari vilipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, utafiti ulitolewa mwaka 2003. Lakini nusu si yote, kwa hiyo endelea na hatua ya pili.

2. Chemsha mpaka yatokote kweli kweli kwa dakika moja au zaidi. Au tia kidonge cha klorini kama pakiti inavyoelekeza, usubiri nusu saa. Mkaa umepanda bei, vidonge hakuna? Jaza maji yaliyochujwa yakang'aa kwenye chupa safi za plastiki zinazopitisha mwanga, zisizozidi lita mbili, uzilaze juani kutwa. Jua kali la saa sita linatosha. Kukiwa na mawingu, siku mbili. Ukiziweka asubuhi, za futari zimekamilika.

3. Ndoo ya maji ya kunywa iwe na kifuniko na koki. Kufunika vyombo ni agizo la Mtume. Wale wa msikitini, tuache ile ya watu thelathini kuchovya vikombe kwenye ndoo moja wakati wa futari. Mikono thelathini, nani anajua imelala wapi?

4. Sabuni iwepo chooni na penye kupikia. Udhu hauchukui nafasi ya sabuni.

5. Kamati za misikiti na za maji, tuombe visima na matangi yetu yapimwe kupitia RUWASA na maabara za Wizara ya Maji. Mvua za namna hii ndizo za kuuliza.

6. Kambi isiyo na choo ichimbe choo kabla ya kumi la mwisho, mbali na maji. Ukitafuta sadaka inayoendelea, shimo lile nalo ni sadaka.

Ndugu yangu, wewe umejizuia maji ya halali tangu alfajiri kwa ajili ya Mungu. Unaweza. Basi magharibi ikiingia, usishindwe kujizuia dakika chache zaidi mpaka uwe na hakika na unachompa mwanao. Suratul Maida aya ya 32 imemlinganisha anayeokoa nafsi moja na aliyeokoa watu wote. Huenda nafsi yako wewe ni dumu lako la lita ishirini.

Ewe Mola wetu, tupe mvua yenye kheri, utukinge na madhara yake. Wabariki wavuvi wetu, wapishi wetu, wauguzi wetu na wanaopima maji yetu. Waponye wagonjwa wetu, uwarehemu waliotangulia. Tujaalie tuonje futari ya mwisho wa mwezi huu tukiwa wazima, sisi na watoto wetu. Amin.

Mfikishie na mwenzako aliyeko kambini. Asiyejua kusoma, msomee.

Wabillahi tawfiq. Darsa ya kesho, inshallah, baada ya swala ya alfajiri.