Unga Hauumuki kwa Amri



Saa hizi mahamri yanafura karaini. Unga ulikandwa jana usiku, ukafunikwa kitambaa, ukaachwa. Unga hauumuki kwa amri. Huumuka kwa muda, na kwa joto. Ukisahauliwa, huchacha.

Oktoba 2025, bunduki za Gaza ziliamriwa zinyamaze. Tunawaombea Wapalestina na Waisraeli. Lakini kusitisha vita ni kukanda tu. Amani ni kuumuka.

Sisi wa Likoni, hapa Mombasa, tunajua hilo. Agosti 1997 kituo cha polisi kilivamiwa, nyumba zikachomwa, majirani zetu wa asili ya bara wakakimbilia kanisani. Kimya kilirudi. Kuaminiana hakukurudi siku ile. Kulirudi dukani, kwa kukopeshana sukari. Kulirudi msibani, kwa kuzikana. Kulirudi kwenye feri, bega kwa bega. Kidogo kidogo.

Na waliofiwa? Hao wanataka haki, si pole peke yake. Amani bila haki huchacha.

Hata wewe, leo kazini yupo mtu mliyenuniana naye. Hamgombani, lakini hamsalimiani. Kutogombana hakutoshi. Anza wewe. Msalimie, tena kwa jina lake.