Nilicheka Wiki Mbili Baada ya Mazishi

Wiki mbili baada ya kumzika baba, nilikuwa kitandani nasoma Gintama, zile katuni za Kijapani za Hideaki Sorachi, nikacheka mpaka machozi. Mdogo wangu akachungulia mlangoni: "Kaka, unacheka?" Nikazima simu. Nilijiona msaliti.

Kwa usioijua, Gintama ni vitabu 77, na ilianza 2003 katika gazeti la Shonen Jump. Gintoki ni samurai aliyebaki bila kazi katika Edo iliyotekwa na viumbe wa anga. Anapokea kibarua chochote, anapenda vitu vitamu, kodi ya nyumba halipi. Mwaka 2018 mwisho ukatangazwa, hadithi ikagoma kuisha, ikahamia gazeti lingine, ikagoma tena, ikamalizikia kwenye programu ya simu 2019. Jamani! Ukikaa na watu hao muda wote huo, unacheka hata kabla utani haujafika, kama tunavyocheka mjomba anapokohoa tu kabla ya kuanza hadithi ileile.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa, anauliza kama kuna fadhila katika mchezo. Anajibu ndiyo: akili huchoka kama mwili, na raha ndiyo mapumziko yake. Tena asiyecheka kamwe, na anayewakera wanaocheka, naye ana kasoro. Darasani swali hilo nililijibu vizuri tu. Siku ile halikunisaidia, maana Thoma huyohuyo anataka mchezo ufae wakati na mahali. Nyumba ya msiba je? Nilikuwa napumzika, au namkimbia baba?

Nadhani anayekimbia hataki kukumbuka. Mimi nilikuwa nimefika pale Gintoki, hoi kwa njaa, anapomkuta mjane makaburini. Anakula vijikeki alivyoletewa marehemu, kisha anaahidi kumlinda mjane huyo kwa niaba ya mumewe. Ahadi anaitunza vitabu vyote (kodi ndiyo inayomshinda). Sasa, baba yangu msibani alikuwa wa kwanza kuuliza chakula kiko wapi, na wa mwisho kuondoka, akibeba viti.

Kesho yake nilimsimulia mdogo wangu kisa hicho. Akasema, "Baba angevimaliza vyote." Tukaangua kicheko. Mama akauliza kutoka jikoni tunacheka nini, tukatazamana, hatujui tumwambieje.