Mwanangu, Usikimbilie Distributa

Mwanangu, gari likianza kumisi usikimbilie distributa. Nakuomba hilo kabla ya jingine lolote, kwa kuwa ndilo kosa ninaloliona likirudiwa na vijana wenye akili nzuri na mikono myepesi, wanaojifunza ufundi kwenye simu usiku na kufungua boneti asubuhi. Gari linatetemeka kwenye silensa. Kijana analegeza boliti, anaizungusha distributa kidogo, injini inachangamka, naye anafunga boneti akiamini limepona. Halijapona. Silinda moja bado haiwaki, na tatu zilizobaki zimelazimishwa kuwaka mapema ili zibebe mzigo wa mwenzao. Siku atakayoupanda mlima wa Kitonga na abiria na mizigo, injini itaanza kugonga, na kugonga huko kukiachwa hutoboa pistoni.

Elewa kwa nini. Plagi ikitoa cheche, moto unachukua muda kusambaa ndani ya silinda, kwa hiyo cheche hutangulia kidogo kabla pistoni haijafika juu kabisa; huko kutangulia ndiko taiming, na ukiizungusha distributa unaibadilisha. Ikitangulia mno, nguvu ya moto inakutana na pistoni ambayo bado inapanda, ndipo unaposikia mlio kama kokoto zinazotikiswa kwenye kopo. Ikichelewa, gari linakosa nguvu, linachemsha, eksozi inaiva. Kwenye injini ya 5A-FE, ile ya Carina Ti na Corolla nyingi za barabarani kwetu, kipimo ni digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Hupimwa injini ikiwa imepata moto, ikiwa kwenye silensa, pini za TE1 na E1 zimeunganishwa kwa waya kwenye kiboksi cha kupimia, na taa ya taiming imebanwa kwenye waya wa plagi namba 1. Usipoziunganisha pini hizo, kompyuta inaendelea kujirekebishia taiming, na alama unayoiona kwenye puli inakudanganya. Sikio halipimi digrii.

Kama una IST au Probox ya 1NZ-FE, huna hata distributa. Kila plagi ina koili yake, taiming inapangwa na kompyuta. Atakayekuambia anakurekebishia taiming kwa dakika tano, mkatalie.

Anza kwa kuitafuta silinda iliyokufa. Zima injini, chomoa soketi ya koili moja, washa, sikiliza. Mtetemo ukizidi, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Zima, rudisha, nenda kwenye inayofuata. Ile ambayo ukiichomoa hakuna kinachobadilika ndiyo unayoitafuta. Kwenye gari la distributa chomoa soketi ya noseli, si waya wa plagi. Waya ule hubeba umeme wa maelfu mengi ya volti, na nimewaona vijana wakirushwa nao. Kwenye IST au Probox, ukiwa na mashine ya kupimia, namba P0301 hadi P0304 zitakutajia silinda yenyewe. Usilitembeze gari na misi kwa siku nyingi, hasa taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima: petroli isiyoungua inakwenda kuwakia kwenye eksozi na kuiua katalisti, ambayo bei yake itakuliza.

Sasa, kwenye gari lenye koili kwa kila plagi, hamisha koili ya silinda hiyo uipeleke kwa jirani. Misi ikihama nayo, koili hiyo ndiyo mbovu. Ikibaki pale pale, au kama gari ni la distributa, hamisha plagi, ila subiri injini ipoe, maana nyuzi za kichwa cha aluminiamu huharibika upesi. Ikibaki tena, kuna noseli, valvu au kompresheni, hapo mtafute fundi mwenye geji. Mpaka hapo hujanunua chochote, na ndivyo ninavyotaka iwe.

Plagi ukishaitoa, isome. Kahawia iliyopauka kwenye ncha ni afya. Masizi meusi makavu yanasema petroli imezidi au cheche ni dhaifu. Oili ikiwa nje, kwenye kishimo cha plagi, gasketi ya kava la valvu imechoka, na hiyo ni spea ya bei nafuu. Ikiwa kwenye ncha yenyewe, inapita kwenye ringi au sili za valvu. Ncha nyeupe yenye malengelenge ni joto kali, na mara nyingi huko utakuta taiming iliyotangulizwa na mtu aliyepita kabla yako. Na kama injini imeoshwa kwa presha jana, kausha vishimo hivyo kwanza.

Kazi hii ifanyie nje, penye hewa, maana moshi wa injini ndani ya chumba huua bila kukuonya. Funga mikono ya shati na mtandio. Feni ya umeme huanza yenyewe.

Silinda zote zikishawaka, ndipo upime taiming. Kabla ya kulegeza boliti ya distributa, kwaruza alama kwa msumari kutoka kwenye distributa hadi kwenye kichwa cha injini, na kila waya wa plagi uandike namba yake: mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2.