Manabii 400 na Mikaya Mmoja
Somo: 1 Wafalme 22:1-28

Ahabu alitaka vita, akauliza manabii wapata 400. Wote wakamwambia aende. Mikaya peke yake alisema ukweli, na alilala gerezani.

Nikisoma hapo naiona China. Wakomunisti walishika nchi mwaka 1949, wakawagawia maskini mashamba. Watu walishangilia. Lakini kufika 1958, Mao Zedong alikuwa ameyakusanya tena mashamba hayo katika komuni kubwa, hata jikoni wakala pamoja. Viongozi wa mashinani waliogopa kuonekana wazembe. Palipovunwa, tuseme, gunia kumi, wakaandika thelathini. Serikali ikachukua nafaka kwa hesabu ya karatasi, na mkulima aliyeilima akabaki na ghala tupu. Watafiti hukadiria njaa hiyo iliua kuanzia watu milioni 15 hadi 45. Jameni! Kenya nzima mwaka 2019 tulihesabiwa milioni 47 na kitu.

Mikaya alikuwepo. Julai 1959, waziri wa ulinzi Peng Dehuai alimwandikia Mao barua kwamba mambo si sawa. Akafutwa kazi, na mwaka 1974 akafa akiwa kizuizini. Wengine walipoona hivyo, nani angefungua mdomo?

Msiseme ni mbali. Mwaka 1973 hapa jirani Tanzania, Mwalimu Nyerere, aliyeitembelea China akavutiwa nayo, aliagiza watu wa mashambani wote wawe wamehamia vijijini kufikia 1976. Wengi walihamishwa kwa nguvu, wengine nyumba zao zikachomwa. Haikufika msiba wa China, ila mavuno yalianguka, mvua nayo ikakataa, na chakula kikanunuliwa nje.

Sasa nisiwahubirie Wachina peke yao. Fomu ya makao makuu iliuliza hapa Soin tuko washirika wangapi. Tuko 90. Mimi mchungaji wenu niliandika 160, kwa sababu nilisikia kanisa jirani limeandika 150. Ndiyo hivyo. Mchango wa ujenzi ukapangwa kwa watu 160, mkaubeba ninyi 90. Kuna mama mjane aliuza mbuzi wake atoe sehemu yake. Aliniletea pesa hizo mkononi, nami nikamwombea baraka.

Barua ya kusahihisha nimeshaituma. Jumapili nitaisoma mbele yenu, na mbuzi wa yule mama nitamrudishia kutoka mfuko wangu.